Maalim anapofariki, chuo hubaki na nini?

 

Imepokewa kutoka kwa Imamu Shafi (R.A.) kwamba alikuwa akimtaja mwanachuoni wa Misri, Al-Layth bin Saad, kuwa alikuwa na fiqhi kubwa zaidi kuliko Imamu Malik, ila wanafunzi wake hawakusimama kuihifadhi elimu yake. Aliyetoa hukumu hiyo hakuwa mtu wa mbali. Malik alikuwa mwalimu wake mwenyewe, na Shafi hakuwa mtu wa kumpunguzia mwalimu wake haki. Al-Layth alifariki mwaka 175 Hijria, na Malik akamfuata miaka minne baadaye. Leo wako mamilioni ya Waislamu, kuanzia Moroko hadi Sudan, wanaofuata madhehebu ya Malik. Ama madhehebu ya Al-Layth, hayana hata msikiti mmoja.

Malik aliacha kitabu chake, Al-Muwatta, alichokisomesha Madina kwa miaka mingi hata kikapokewa na wanafunzi wa nchi mbalimbali. Aliacha pia watu waliojua wajibu wao: Ibn al-Qasim wa Misri aliyeyashika maswali na majibu ya mwalimu wake, na baadaye Sahnun wa Qayrawan aliyeyapanga katika Al-Mudawwana. Al-Layth alikuwa na mali na ukarimu uliosifiwa, alikuwa na wasikilizaji, alikuwa na akili iliyomshangaza Shafi. Alichokosa ni mpangilio wa watu wa kuipokea elimu, kuiandika, kuipitia na kuikabidhi kwa wengine.

Tumeianza mada ya Ijumaa hii na habari hiyo kwa sababu jambo lililompata Al-Layth linazipata madrasa na shule zetu kila mwaka, na wengi wetu hatulioni. Tunapozungumza juu ya elimu ya watoto wetu tunauliza mwalimu ni nani na ada ni kiasi gani. Ni mara chache tunauliza taasisi yenyewe imeundwaje, nani anamjibu nani, na yale anayoyajua mwalimu yanakaa wapi pale anapokuwa hayupo. Wataalamu wa siku hizi wanaliita jambo hili usimamizi wa maarifa. Jina ni jipya, lakini jambo lenyewe Waislamu walilijua tangu mwaka ule wa vita vya Yamama.

Yamama na hofu ya Umar

Baada ya kufariki Mtume (S.A.W.) vilitokea vita vya Yamama dhidi ya Musaylima, na wakauawa humo wengi katika wale walioihifadhi Qur'ani vifuani. Umar bin al-Khattab (R.A.) akamwendea Khalifa Abubakar (R.A.) na kumweleza hofu yake: wasomaji wakiendelea kufa katika vita vingine, sehemu kubwa ya Qur'ani inaweza kwenda pamoja nao. Abubakar alisita. Aliona vigumu kufanya jambo ambalo Mtume (S.A.W.) hakulifanya, na Umar akaendelea kumrudia hadi moyo wake ukatua.

Tulitazame tukio hilo kwa jicho la uendeshaji, kwani ndani yake mna somo zima. Kwanza, aliyeiona hatari aliweza kumfikia kiongozi na kusema bila kuogopa, tena kusema zaidi ya mara moja. Pili, kiongozi alikubali kubadilisha rai yake. Tatu, kazi haikuachwa kwa "sisi sote", kwani alitajwa mtu mmoja, Zaid bin Thabit (R.A.), kijana mwenye akili, asiyetuhumiwa kwa lolote, aliyekuwa mwandishi wa wahyi. Zaid mwenyewe aliiona kazi hiyo nzito kuliko kuambiwa auhamishe mlima. Hata hivyo aliifuatilia Qur'ani katika makuti ya mitende, katika mawe na katika vifua vya watu. Kisha zile kurasa zikawa na mahali maalumu pa kukaa: kwa Abubakar, halafu kwa Umar, halafu kwa binti yake, Bibi Hafsa (R.A.). Uthman (R.A.) alipotaka kuwaandikia watu misahafu na kuipeleka mikoani, alijua mlango wa kubisha. Akaziomba kwa Bibi Hafsa, akawaweka Zaid na Maquraishi watatu wazinakili, kisha akazirudisha kwake.

Kurudishwa huko kwa kurasa ni jambo dogo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka. Sisi tunalisimamia. Ofisi ngapi za shule leo huazima faili na kulirudisha?

Miongo kadhaa baadaye, Khalifa Umar bin Abdulaziz, aliyetawala kuanzia mwaka 717 hadi 720 Miladia, alimwandikia Abubakar bin Hazm wa Madina aitazame Hadithi ya Mtume (S.A.W.) na kuiandika, kwa kuwa alihofia elimu kutoweka na maulamaa kuondoka. Katika maelekezo hayo kuna agizo la watu kukaa wazi na kufundisha hadi asiyejua ajue, kwa kuwa elimu huangamia inapogeuka kuwa siri. Tunaomba neno hilo la siri likumbukwe, maana tutalirudia.

Elimu ya daftari na elimu ya mkono

Mwaka 1995 wanazuoni wawili wa Kijapani, Ikujiro Nonaka na Hirotaka Takeuchi, walichapisha kitabu kuhusu namna makampuni yanavyozaa maarifa. Walieleza kuwa maarifa ni ya namna mbili. Yako ya dhahiri, yanayoandikika katika kitabu, ratiba au kanuni. Na yako yaliyofichika katika mazoea ya mtu, ambayo mwenyewe huyatenda bila kuweza kuyaeleza yote. Mama anajua chumvi ya mchuzi inatosha bila kupima, na fundi wa jahazi anajua ubao umekaa sawa kwa kuupapasa tu. Kazi ya taasisi iliyo hai, kwa maoni yao, ni kuyafanya ya mkononi yafike kwenye daftari, na ya kwenye daftari yarudi tena mikononi mwa wengi.

Mtu aliyesoma chuoni atatambua mara moja kwamba ijaza ilikuwa ikizikusanya namna zote mbili. Mwanafunzi hakupewa idhini kwa kumiliki kitabu. Alikisoma mbele ya sheikh, akasahihishwa ulimi, akaona sheikh anavyojibu swali gumu na anavyonyamaza kwa swali lisilofaa, ndipo jina lake likaandikwa katika mnyororo wa waliotangulia. Marehemu Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912 na kuwa Kadhi Mkuu wa Zanzibar na baadaye wa Kenya, alifanya kazi kubwa ya kuwaandika wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki: nani alisoma kwa nani, wapi, na vitabu gani. Lau asingeyaandika hayo, mengi yake tungeyakosa leo.

Mwalimu wake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, alikwenda njia hiyo kwa chombo kingine. Mwaka 1930 alianzisha jarida la Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah. Yaliyokuwa yakisemwa msikitini na kuishia msikitini akayaweka katika karatasi kwa Kiswahili, na baadhi ya makala hayo yakakusanywa katika kitabu cha Uwongozi. Sheikh Al-Amin alifariki mwaka 1947, na sisi tuliozaliwa miaka mingi baada yake bado tunaweza kubishana naye na kukubaliana naye.

Madrasa ya mtaa wetu

Sasa tushuke kwetu. Tunaifahamu madrasa moja ya uswahilini ambayo hatutaitaja jina. Maalim wake aliiongoza kwa zaidi ya miaka 20, bila msaidizi ila vijana wakubwa waliokuwa wakiwasikiliza wadogo. Alimjua kila mtoto amefika sura gani, nani ana kigugumizi na hafai kuharakishwa, nani baba yake amesafiri na ada yake isiulizwe. Alikuwa na namna yake ya kumfundisha mtoto mwenye ulimi wa Kiswahili kuitamka dhadi na ain, akimwekea kidole shavuni, na watoto wakaipata kwa wiki moja. Hayo yote hayakuandikwa popote.

Alipofariki, kamati ikamleta ustadhi kijana aliyesoma vizuri. Siku ya kwanza hakukuta orodha ya wanafunzi wala kumbukumbu ya masomo. Akawauliza watoto wenyewe walikofika. Baadhi wakasema kweli, baadhi wakajirusha mbele. Kwa kukosa pa kushika, akawarudisha wote Juzuu Amma. Waliokuwa wamefika Suratul Kahf waliona haya kukaa na wadogo zao, wakaacha kuja mmoja baada ya mwingine. Wako katika hao ambao hawajarudi kwenye msahafu hadi leo, na wameshakuwa watu wazima.

Watu wa mtaa walimlaumu ustadhi, nasi tunaona lawama hiyo haikuwa ya haki. Kamati ile ilikuwa ikikutana kwa ajili ya Maulidi, kwa ajili ya paa linalovuja na kwa ajili ya kiwanja. Katika miaka yote hiyo haikuwahi kukaa na maalim kumuuliza anafundisha nini na vipi. Muundo wake ulimfanya mtu mmoja kuwa mwalimu, karani, mweka hazina na maktaba. Taasisi ya namna hiyo huonekana imara kabisa hadi siku ya mazishi.

Kuna jambo jingine ambalo si rahisi kulisema, nalo ni la riziki. Maalim wengi hawana mshahara. Wanaishi kwa ada ndogo za watoto, kwa sadaka, na kwa kualikwa katika hitima na ndoa. Mtu wa hali hiyo akiombwa aandike mbinu zake zote na kumfundisha kijana atakayeweza kushika nafasi yake, anaombwa akabidhi mkate wake. Tumeona walimu wanaoficha madaftari yao, na shuleni tumeona wanaofungia kabatini maswali ya mitihani ya miaka iliyopita ili wenzao waendelee kuwahitaji. Ni wepesi wa kuwaita wachoyo. Lakini mwenye kuogopa kutupwa hawezi kuwa mkarimu wa elimu, na wanaomtia hofu hiyo ni sisi wazazi na kamati zetu. Hii ndiyo siri ambayo Umar bin Abdulaziz aliihofia, na sababu yake mara nyingi huwa tumbo.

Wakfu uliomshika mwalimu

Waliotutangulia walilitatua jambo hili kwa wakfu. Madrasa ya Nidhamiya ya Baghdad ilifunguliwa mwaka 1067 na waziri Nidham al-Mulk, ikawekewa mali iliyowalipa walimu na kuwalisha wanafunzi. Imamu Ghazali aliteuliwa kufundisha hapo mwaka 1091. Nidham al-Mulk aliuawa mwaka 1092, na mwaka 1095 Ghazali mwenyewe, akiwa katika kilele cha sifa zake, akaiacha nafasi ile na kutoka Baghdad. Madrasa haikufungwa. Ndugu yake, Ahmad, alishika darsa kwa niaba yake, na Ibn Battuta alipofika Baghdad mwaka 1327 aliikuta ingali ikisifiwa. Mwanzilishi kafa na mwalimu mashuhuri kaondoka, lakini kiti cha mwalimu kilikuwa mali ya wakfu, na kiti kilibaki.

Mfano wa karibu zaidi uko Lamu. Habib Swaleh bin Alawi Jamalilayl, Sharifu mwenye asili ya Ngazija, aliwafundisha hata wale ambao wenye vyeo vya mji hawakuwahesabu kuwa watu wa kukaa darsani, wakiwemo watumwa na vizazi vyao. Msikiti wake wa Riyadha ulikuwa umekwishasimama mwanzoni mwa karne ya 20, na wanafunzi wakaja kutoka pande mbalimbali za pwani na bara wakarudi kwao kuanzisha vyuo. Hapo Riyadha vimehifadhiwa vitabu vya mkono zaidi ya 100, ambavyo mwanzoni mwa miaka ya 2010 vilipigwa picha za kidijitali kwa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Katika baadhi ya vitabu hivyo mtu hukuta maandishi ya wakfu: kitabu hiki kimetolewa kwa ajili ya wanafunzi, kisiuzwe wala kisirithiwe. Mstari mmoja tu wa wino, nao umekitoa kitabu katika sanduku la marehemu na kukiweka katika mikono ya watu ambao hawajazaliwa.

Hebu tujiulize ni wangapi katika maalim wetu waliofariki miaka ya karibuni ambao vitabu vyao vimegawanywa kama mirathi kwa watoto wasiosoma Kiarabu, kisha vikaliwa na mchwa. Warithi hawakukosea, ni haki yao. Hakuna aliyewahi kumshauri mzee, angali hai, aviandikie wakfu.

Akina mama wa Mombasa

Mfano wa siku zetu unaotupendeza zaidi ni ule wa shule za awali za madrasa. Mnamo mwaka 1982 wazee wa Kiislamu wa Mombasa walimweleza Aga Khan masikitiko yao kwamba watoto wao wanabaki nyuma shuleni. Baada ya utafiti, mwaka 1986 Bi Swafiya Said, aliyekuwa mwalimu kwa muda mrefu, alianza kazi katika madrasa mjini humo, akiunganisha mafunzo ya dini na masomo ya awali. Mpango ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, hadi ukawa na shule zaidi ya 200 katika nchi tatu.

Siri ya mafanikio hayo haikuwa majengo. Jamii yenyewe ilikubaliana kwa maandishi na kituo cha mpango kuhusu wajibu wa kila upande, ikachagua kamati, na kuwatoa wanawake wa mtaa huohuo ili wafunzwe ualimu. Vifaa vilikuwa vifuu vya nazi, mbegu, makombe na vifuniko vya chupa. Mwalimu aliyefunzwa hakuachwa peke yake. Mkufunzi alimtembelea darasani kwa takriban miaka miwili, akakaa nyuma akitazama, kisha wakazungumza. Yale Bi Swafiya aliyokuwa akiyajua kwa mkono yakawa mtaala, na mtaala ukarudi kuwa mazoea ya mamia ya akina mama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa watoto waliopita shule za awali walifanya vizuri kuliko waliobaki nyumbani, na waliopita hizi za madrasa waliendelea zaidi.

Hata hivyo kidonda ni kilekile. Shule nyingi zililalamika kuwa walimu wakishafunzwa huhamia penye mshahara mzuri. Tofauti ni kwamba mwalimu akiondoka, mwenzake anabaki, mkufunzi yupo na mtaala umeandikwa. Hasara inauma bila kuua.

Upande wa serikali, walimu huhamishwa kila mwaka, na mkuu wa shule anaweza kuondoka na ujuzi wote wa namna shule ilivyopandisha ufaulu. Tanzania Bara inao mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaowataka walimu wa shule moja wakutane katika jumuiya za kujifunza na kusaidiana mada ngumu. Ni jambo jema. Lakini kikao hicho hakiwi na maana pale mwalimu mkuu anapokitumia kuwakaripia watu, au mwalimu kijana anapoona kuwa kukiri hajaielewa mada ni kujidhalilisha. Wazee wa darsa walikuwa na ada nzuri katika hili: mwanachuoni mkubwa alisema sijui mbele ya wanafunzi wake, na heshima yake haikupungua.

Ama simu na kompyuta, hatutakaa hapo sana. Darsa nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zilirekodiwa katika kaseti, na kaseti hizo sasa zimeshika ukungu makabatini. Leo masomo yako katika makundi ya WhatsApp, na simu ya mwenye kundi ikianguka baharini somo limekwenda nayo. Chombo kipya mikononi mwa taasisi isiyo na utaratibu hupoteza vitu kwa kasi mpya.

Katika haya yote, wanaosahauliwa zaidi ni mabibi wanaosomesha ndani. Watoto wengi wa pwani na visiwani huanza herufi zao kwa bibi wa jirani, ukumbini kwake, juu ya mkeka. Akina bibi hao wanajua jinsi ya kumtuliza mtoto wa miaka minne na kumfanya aupende msahafu kabla hajauogopa. Hawamo katika kamati, hawaitwi katika semina, na hakuna anayewatembelea na daftari. Wazazi wenzetu wenye vijana waliomaliza kidato cha nne na wanaosubiri matokeo wangeweza kuwapeleka kwao alasiri tatu au nne tu, waketi pembeni, watazame, waulize na waandike: bibi anaanza na nini, anasahihisha vipi, mtoto akilia anafanyaje. Daftari la kaunta buku linatosha. Nakala moja abaki nayo bibi, nyingine iwekwe msikitini pamoja na misahafu, na juu yake paandikwe jina la bibi na kwamba ni wakfu.